Mfuniko wa Sufuria ya Moto

Mwanangu Moraa,

Umeenda Ikonge kumuaga nyanya yako, na ninavyomjua hatakuachilia mpaka ule mara mbili na ubebe ndizi, kwa hiyo nina mchana mzima wa kuandika. Baba yako yuko uani anagombana na bawaba ya sanduku. Amerudia kupaka zile nyota zilizochorwa juu yake rangi ya manjano, ingawa nimemwambia watoto wa Nakuru hawatajali. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kwa Ekegusii nitalia kabla sijafika popote. Kiswahili nilikifundisha chekechea miaka mingi na kimezoea kuniona nikijikaza.

Mambo ya blanketi, ya kula asubuhi, ya kupiga simu ukifika, sitayaandika. Nimeshayasema mpaka ukanicheka. Nataka kukuandikia jambo moja tu, kwa sababu naogopa. Najua kila mama huwa na wasiwasi mtoto akitoka nyumbani, lakini huu wangu si ule. Ulinianza siku ulipopata hiyo kazi ya kuzunguka shule na wodi za watoto ukifanya mazingaombwe, peke yako, mahali ambapo hakuna anayekujua wala anayemjua mama yako.

Jana ulipokuwa ukiisugua sufuria ya moto kwa majivu, uliniuliza kwa nini ina weusi usiotoka. Nikakujibu ni uzee. Sufuria hiyo si nzee kuliko sanduku lenyewe. Ilikaa kwa mtu mwingine miaka kadhaa, na leo nitakwambia ni nani.

Ulikuwa kidato cha pili, bwenini. Utakumbuka muhula ule uliporudi ukakuta nimeacha kazi, nashinda nyumbani nikichambua mboga, nikakwambia mgongo unaniuma. Mgongo wangu ulikuwa mzima kabisa.

Nilikuwa nimeitwa na shule moja ya msingi huko ndani ya Kenyenya, siku ya kufunga shule, nifanye maonyesho kwa watoto wa chekechea na wa madarasa ya chini. Watoto wengi, uwanja mzima. Nilijiandaa kama unavyonijua: vitambaa virefu vya rangi, mkoba wa mayai, kamba inayokatwa ikaungana, na mwisho kabisa sufuria ya moto. Lakini mvua ilianza mapema. Nilipofika na bodaboda nilikuta mwalimu mkuu anafunga ofisi. Watoto walikuwa wameruhusiwa waende nyumbani kabla mto haujajaa. Aliniomba radhi, akaondoka chini ya mwavuli. Kijana wa bodaboda akatazama matope, akanitazama mimi, akatazama sanduku, akasema hapana, yeye anangoja mvua ikatike kwenye banda la soko. Nikabaki barabarani na sanduku langu la nyota.

Nyumba ya kwanza yenye mlango wazi nilibisha hodi. Alikuwamo omong'ina mmoja, ndivyo nitakavyomwita kwa heshima kama tunavyowaita akina mama wazee kwetu, jina lake Kerubo. Alikuwa na wajukuu wawili, msichana wa miaka kama sita na mvulana mdogo aliyekuwa bado ananyonya kidole. Alinipa kigoda na kikombe cha uji wa wimbi, wala hakuniuliza nimetoka wapi mpaka nilipokunywa nusu. Nilishangaa kidogo jinsi alivyofurahi kupata mgeni. Alinishika mkono akawa hauachi. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hapakuwa na mtu aliyekanyaga pale kwa muda mrefu.

Yule msichana macho yake yalikuwa kwenye sanduku.

"Hiyo iko na nini ndani?"

"Iko na maajabu," nikamwambia.

"Fungua basi."

Unajua nilivyo. Nilikuwa nimetoka Kisii mjini kuchekesha uwanja mzima, sasa nina watoto wawili na nyanya yao, na mvua inapiga bati hatusikiani. Nikafungua. Mchezo wangu wa kwanza ukafa hapohapo. Vitambaa virefu vimetengenezwa kwa mtu anayesimama jukwaani. Mtoto aliye mbali hutazama uso wako na kelele zako. Mtoto aliyekaa kwenye goti lako hutazama mkono wako, na yule msichana aliniona nikichomoa kitambaa kwenye mkono wa blauzi, akasema kwa sauti, "Iko hapo!" Nikacheka, nikakaa chini kabisa sakafuni. Nikaacha vitambaa. Nikachukua kifungo kimoja cha shati, nikakipoteza kwenye kiganja chake mwenyewe, nikakipata nyuma ya sikio la mdogo wake. Yule mdogo akatoa kidole mdomoni. Nikaongea polepole, nikaacha maneno ya jukwaani, nikamwachia nyanya yao ashike kamba niikate. Omong'ina Kerubo alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso.

Nakwambia hayo ujue kwamba nilikuwa hodari siku ile. Nilijiona hodari sana. Nilidhani kuigeuza kazi ni kupunguza tu sauti na kuchagua michezo midogo.

Kisha nikataka kumaliza kama ninavyomaliza siku zote. Ndani kulikuwa na giza la mvua, nikasogea mlangoni nipate mwanga. Nikaweka karatasi kwenye sufuria, nikadondoshea spiriti, nikawasha. Nikawaambia watoto moto huu utageuka peremende. Unaujua ule utani wangu wa katikati, kabla sijaukandamiza mfuniko: nausogeza juu ya moto, mwanga unapotea, nauinua, mwanga unarudi. Watoto wa mjini hupiga kelele, umezima, umewaka, umezima, umewaka. Nimeufanya kwenye sherehe za kuzaliwa nyumba ngapi mjini, kwa Wahindi wenye maduka, kwa wanasheria, kwa madaktari. Nimeuzoea mpaka mikono inaufanya yenyewe.

Moraa, mimi nimezaliwa Ikonge. Nimelala na nyanya yangu kitanda kimoja. Nani asiyejua kwetu kwamba omorogi, mchawi, anapokimbia hubeba chungu cha moto chenye mfuniko, anafunua, anafunika, ndiyo maana watu huona mwanga ukiwaka na kuzimika migombani? Nilijua hayo kabla sijajua kusoma. Na bado nilisimama kwenye mlango wa mtu, mkabala na njia, giza la mvua limetanda, nikafunua na kufunika, nikafunua na kufunika, huku nikicheka.

Omong'ina Kerubo alisimama. Uji ulimwagika.

"Zima," alisema. "Zima, mwanangu. Wanasema ni mimi."

Mara ya kwanza sikuelewa. Akarudia kwa Ekegusii, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mtoto wa jirani alikuwa amekufa kwa homa miezi michache nyuma, na tangu siku hiyo watu wanasema wameuona moto wake yeye Kerubo migombani.

Nilizima, lakini kulikuwa na watu njiani. Walikuwa wanatoka kupeleka majani chai, wamejifunika magunia. Mmoja alikuwa amesimama tayari, anaita wengine. Sikuhesabu. Walikuwa wachache, nadhani wangetosha kwenye sebule yetu. Walisogea mpaka penye ua wa nyumba wakasimama kwenye mvua, na baadhi walikuwa na mapanga. Panga kwetu ni kitu cha kukatia ng'ombe majani, kila mtu anatembea nalo, najua. Siku ile sikuweza kuliona hivyo.

Aliyetangulia aliitwa Onchari. Ndiye aliyekuwa baba wa yule mtoto aliyekufa. Kijana tu, labda miaka thelathini, macho mekundu.

"Hiyo moto tumeiona," alisema. "Leo si kuambiwa. Tumeiona na macho yetu, mchana."

"Ni yangu," nikasema. "Mimi ni wa mazingaombwe. Nilikuja shuleni."

"Shule imefungwa."

"Nimekuta imefungwa."

"Sasa ukakuja kwa huyu. Nyumba zote hizi, ukakuja kwa huyu." Akatazama nguo zangu na viatu vyangu vya mjini. Sauti yake ikapungua, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi. "Mama, wewe ni mgeni. Chukua vitu vyako uende. Mambo ya hapa tutamaliza sisi."

Nikakuona wewe bwenini, umevaa ile sweta ya kijani, mtu anakuja kukuita ofisini kukupa habari. Nikafunga sanduku. Nikaliinua. Sitakudanganya kwamba sikuliinua. Omong'ina Kerubo hakuniambia nibaki. Alikuwa amemsukuma yule mvulana nyuma ya gauni lake, anatazama sakafu, na midomo yake inamwita Mungu, Nyasae, Nyasae, bila sauti. Nilikuwa nimefika kwenye kizingiti yule msichana aliposema:

"Na peremende?"

Nikageuka.

"Umesema moto itakuwa peremende. Bado haijakuwa."

Hakuwa anajua chochote. Alikuwa mtoto aliyeahidiwa kitu. Nikaketi kwenye kizingiti chenyewe, nikafungua sanduku tena, nikawaambia watu wa nje, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia chekechea, wasogee kwenye baraza wasilowe kwa sababu kazi yangu haijaisha. Sijui kwa nini walisogea. Nadhani ni ile sauti ya mwalimu. Watu wakubwa wote waliwahi kuisikia wakiwa wadogo.

Unamkumbuka Mzee Kanti, yule Mhindi wa duka la vitambaa mjini, aliyenifundisha kazi hii kwa sababu mimi ndiye mteja pekee niliyesimama kutazama alivyopoteza shilingi vidoleni badala ya kuidai chenji yangu. Aliniambia mara nyingi: "Mama Moraa, siku utawaonyesha ndani ya mfuniko, siku hiyo rudi nyumbani ukalime." Nilimwapia sitaonyesha. Hata wewe nilikuonyesha baada ya wewe kunisumbua miaka.

Niliugeuza ule mfuniko, nikawaonyesha ndani.

Nilianza na mwisho. Nikawaonyesha kwanza ile sufuria ndogo inayojificha ndani ya mfuniko, peremende zimejazwa humo tangu nyumbani. Nikawaonyesha jinsi inavyoshikilia pale juu, na jinsi ukikandamiza inavyoachia, ikaukalia moto ukakosa hewa ukafa. Nilisema kila kitu. Kisha nikawasha moto, nikafanya polepole, mkono mtupu, blauzi nimekunja hadi kiwiko. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyepiga makofi. Nimefanya kazi mbele ya watoto wenye njaa na mbele ya watoto wagonjwa, sijawahi kuwa na watazamaji waliokaa kimya namna ile.

"Sasa njoo ufanye wewe," nikamwambia Onchari.

"Yaya," akasema. Hapana. "Sigusi hiyo kitu."

"Ni bati. Nimeinunua."

Mwanamke mmoja nyuma akamwambia, "Shika, Onchari, si unaona iko wazi?" Akaja. Niliwasha, akafunika, lakini hakukandamiza, akafunua, na moto bado upo, moshi umemjaa usoni akakohoa. Watu wakacheka. Nikasema moyoni basi tumekwisha, maana mtu mwenye uchungu ukimcheka hujui atafanya nini. Alisimama na mfuniko mkononi. Akakohoa tena. Halafu akasema neno ambalo nimelisikia kila siku ya maisha yangu ya kazi, ila kwa watoto tu.

"Tena."

Akakandamiza. Akafunua. Peremende. Akazitazama kwa muda mrefu, halafu akasema, "Tena," nikajaza, akarudia. Alifanya mpaka karatasi zikakaribia kuisha. Wengine wakaanza kusukumana, nipe mimi, wewe hujui, kandamiza bwana. Na mimi nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa akili au wazimu. Nikaichukua sufuria kwao nikampa Omong'ina Kerubo.

Hebu fikiria, Moraa. Yule mama, mbele ya watu waliokuja kwa ajili yake, ameshika moto na mfuniko. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuja kumuua. Nikamwambia taratibu, kandamiza tu, omong'ina. Alifunika. Alifunua. Yule mjukuu wake akaingiza mkono bila kuomba ruhusa, akachukua peremende mbili, moja yake na moja ya mdogo wake, na kilio cha furaha cha yule mdogo kilisikika juu ya mvua.

Usidhani waliacha kuamini. Mwanamke mmoja alipokuwa akiondoka nilimsikia akimweleza mwenzake kwamba omorogi wa kweli hawezi kukubali kuonyesha chungu chake mchana, kwa hiyo si huyu, watafute kwingine. Nilisikia nikanyamaza. Bado nafikiria huko kwingine ni wapi, na ni mama gani. Onchari hakuomba msamaha. Aliokota panga lake, akafika uani, akageuka.

"Hiyo kitu uiache hapa," alisema. "Watu wakija waonyeshwe."

Nikaiacha. Nilirudi mjini, nikakaa muhula mzima nisiweze kugusa sanduku. Kila mtu aliyenitazama barabarani nilidhani ameniona mlangoni kwa yule mama.

Sufuria ilikaa kwenye rafu ya Omong'ina Kerubo, karibu na mlango. Kila aliyeingia, mtoto au mkubwa, alionyeshwa, na mara nyingi yule msichana ndiye aliyeonyesha. Spiriti ilipoisha walitumia makaa, ndiyo huo weusi unaousugua. Mwaka jana omong'ina alikufa. Alikunywa uji wake jioni, akalala, hakuamka. Alikufa kitandani mwake, kwa uzee, na kwa mama kama yeye kule, hilo si jambo dogo. Mwanawe aliniletea sufuria, akasema mama aliagiza irudi kwa mwenyewe.

Sasa unaelewa kwa nini nimekuwa nikikusumbua na maswali ya kijinga, shule gani, watazamaji ni akina nani, watakaa wapi. Wewe unajua kazi hii kuliko mimi, vidole vyako ni vyepesi, sauti yako ni nzuri. Lakini kwetu nilijua hofu ya watu na bado nikaisahau kwa sababu nilikuwa nafurahia ustadi wangu. Huko unakokwenda hujui hata ni kitu gani cha kusahau. Pengine kwao sufuria ni sufuria tu, na kinachowatisha ni yule nyoka wako wa mpira, au mwanasesere, au yai. Ukifika mahali, kabla hujafungua sanduku, nenda jikoni umsalimie mpishi, ukae naye kidogo, umuulize ni nini kimetokea hapo siku za karibuni. Mimi siku ile ningemuuliza yule mama kwa nini anang'ang'ania mkono wangu. Nilikunywa uji wake wala sikumuuliza.

Na ukikuta hawapo wale uliowajia, wapo wengine, wachache, wasiotaka kucheka, usikimbilie kufanya ulichokuja nacho. Mzee Kanti anisamehe, lakini kama siri ikibidi ifunguliwe, ifungue. Utatafuta siri nyingine.

Kuna jambo la mwisho. Asubuhi, ulipokuwa ukioga, nilichukua mfuniko nikauficha kwenye gunia la mahindi. Nilipanga uondoke bila huo, ugundue ukiwa umeshafika, nikwambie kwa simu pole, labda umebaki uani ulipokuwa ukisugua. Bila mfuniko ile ni sufuria ya kupikia mayai, haiwezi kumtisha mtu. Nimeandika barua hii yote nikiwa najua mfuniko uko huko kwenye mahindi.

Nimeinuka sasa hivi nikautoa. Nimeupangusa vumbi la mahindi, nimejaza peremende, nimeuweka juu kabisa ya vitambaa, umegeuzwa, ili ukifungua sanduku kitu cha kwanza utakachokiona ni ndani yake. Baba yako anaita kutoka uani kwamba anakuona unapanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani, na kwamba unacheka peke yako.

Bado naogopa. Sanduku limefungwa, na mfuniko umo.

Mama yako.